Kriminolojia ya kulipia, Kilatini cha bure: uzoefu wangu hapa Lubumbashi

Mimi ni karani katika kabine ya wanasheria. Kazi yangu kubwa ni kupanda na kushuka kati ya parke (ofisi ya mwendesha mashtaka) na mahakama nikiwa na mafaili kwapani. Nilijiandikisha masomo ya jioni ya haki jinai na kriminolojia (elimu ya uhalifu) katika chuo kimoja cha binafsi hapa mjini, na katika kipindi hichohicho nikaanza Kilatini cha bure kinachotolewa na Open University ya Uingereza kupitia OpenLearn. Naandika kwa ajili ya anayejiuliza minervali yake, yaani ada ya masomo, aipeleke wapi. Chuo ninachokisema si UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi), ambayo ina Shule yake ya Kriminolojia, na mchana mimi niko kazini.

Walimu wa jioni wanajua kazi yao, hapo sina ugomvi. Aliyetufundisha utaratibu wa kesi za jinai alikuja na ile dekreti ya tarehe 6 Agosti 1959, akatusomesha kifungu kwa kifungu, bila haraka. OPJ (afisa wa polisi wa upelelezi) anaweza kumshika mtu saa 48, si zaidi. Katiba ya Kongo ya 2006 inalisema katika kifungu cha 18. Jaji akiamuru mtu abaki kizuizini kabla ya hukumu, amri ya kwanza ni ya siku 15, kisha inaongezwa mwezi kwa mwezi. Kabineni kila mtu anaijua hesabu hiyo kwa mdomo, lakini wengi wetu hatujawahi kuiona ilivyoandikwa. Siku hizi faili likitua mezani kwangu, macho yanakimbilia tarehe kabla ya jina la mtu.

Kriminolojia yenyewe ilinichosha. Tulisoma Beccaria na kitabu chake cha 1764 juu ya makosa na adhabu, tukasoma Lombroso, aliyedai mhalifu anajulikana kwa umbo lake, na vipimo vyake vya mafuvu na mataya (darasa zima lilicheka, kila mmoja akimwangalia jirani yake taya), tukasoma Durkheim, mwanasosholojia. Vizuri. Lakini sisi tuko Katanga. Faili zinazonipitia mkononi ni za wachimbaji wa mikono waliokamatwa ndani ya konsesheni (eneo la kuchimba) ya kampuni, za ndugu wanaogombania parseli (kiwanja) ya marehemu, za mlinzi aliyesingiziwa wizi wa nyaya. Juu ya hao hatukufundishwa hata saa moja. Ukiuliza, unaambiwa utaandika mwenyewe kwenye kazi ya mwisho.

Halafu kuna silabusi, yaani kijitabu cha somo. Asistenti wa mwalimu anaiuza, na orodha ya walionunua inatembea darasani. Hakuna anayesema ni lazima, ila kila mwanafunzi anajua kwamba asiyekuwa kwenye orodha ile atakuwa na maswali magumu siku ya mtihani. Katika minervali hilo halimo. Hata ada za mitihani zilitoka moja moja, kila moja na risiti yake. Mwenye mshahara kama wangu anapaswa kulijua hilo kabla, si katikati ya mwaka.

Sasa Kilatini. Open University ni chuo cha kusoma kwa mbali tangu kilipoanzishwa mwaka 1969, na OpenLearn ni mlango wake wa bure uliofunguliwa 2006. Nilichukua somo la wanaoanza, Getting started on classical Latin. Kinachotakiwa ni mega za kushusha faili tu. Ukishalishusha unasoma kwenye simu hata SNEL, kampuni ya umeme ya taifa, ikikata umeme, na hapa kwetu hilo si jambo dogo. Maelezo yote ni ya Kiingereza, lakini Kifaransa cha shule kilinisaidia kuliko nilivyotegemea, maana maneno mengi ya Kilatini tayari tunayo humo. Jipya lilikuwa mwisho wa neno: ndio unaoonyesha nani anatenda na nani anatendwa. Sisi tuliozoea kutazama mwanzo wa neno tunachukua muda kidogo. Ukimaliza unapewa karatasi ya ushiriki. Usiipeleke mahali ukidhani ni diploma.

Somo lenyewe ni la mlangoni tu, halikufikishi kwenye maandishi makubwa. Huko nilikwenda mwenyewe, tafsiri ya Kifaransa upande mmoja na Kilatini upande wa pili, na hapo ndipo haki jinai ilipoanza kuniingia. Katika Digesta, mkusanyo wa sheria za Kirumi uliotolewa na mfalme Justinian mwaka 533, kitabu cha 48 kinahusu makosa ya jinai. Humo mwanasheria Ulpian anasema: carcer enim ad continendos homines, non ad puniendos haberi debet. Gereza liwe la kuwaweka watu, si la kuwaadhibu. Niliisoma sentensi hiyo juma lilelile niliporudi Kasapa kupeleka karatasi za mteja (gereza, si kampasi, kwetu vyote viwili vinaitwa Kasapa na wageni hupotea). Ndani mlikuwa na watu ambao hakuna mahakama iliyowahukumu, na adhabu wanaila kila siku. Kwa Warumi gereza lilikuwa zaidi mahali pa kungojea hukumu. Kwetu kungojea kumegeuka adhabu yenyewe.

Kisha nikamfikia Cicero, wakili wa Roma ya kale. Mwaka 80 kabla ya Kristo, akiwa na miaka 26, alimtetea Sextus Roscius aliyeshtakiwa kumuua baba yake. Adhabu ya kosa hilo ilikuwa kushonwa ndani ya gunia na kutupwa majini. Cicero hakuishia kusema mteja wangu hakuua. Aliuliza mali ya marehemu imekwenda kwa nani. Mashamba ya milioni sita za sesterse (pesa za Kirumi) yalikuwa yamenunuliwa kwa elfu mbili tu, na mnunuzi alikuwa Chrysogonus, mtu wa karibu wa Sulla aliyeitawala Roma. Cui bono, nani kafaidika? Cicero mwenyewe alikiri kwamba swali hilo amelirithi kwa jaji wa zamani, Lucius Cassius.

Soma hotuba hiyo kisha fungua faili la parseli ya hapa Lubumbashi: mtu kashtakiwa wizi au vitisho, na wakati yuko ndani, ukuta mpya unajengwa kwenye kiwanja chake. Nilimwonyesha mwanasheria mmoja mzee wa kabine yetu. Akavua miwani, akacheka: "Mwanangu, huyo Cicero wako hapa angekufa njaa." Baada ya kitambo akaniambia nitafute mkataba wa mauzo wa faili tulilokuwa nalo, niangalie tarehe.

Asije mtu akadhani nawasifu Warumi tu. Mtumwa alipotoa ushahidi aliteswa kwanza, na sheria iliona sawa. Mshtaki wa serikali hawakuwa naye. Raia alimshtaki raia, na tajiri alikuwa na midomo mingi ya kumsemea.

Nani achukue nini? Anayetafuta kazi aende chuo, kwa sababu parke haitauliza kama unamjua Ulpian. Utaratibu wa kesi peke yake ulilipa gharama yangu. Kriminolojia naipa nusu. Ambaye tayari anafanya kazi ya mafaili na hana pesa ya kuongeza, Kilatini cha bure na kitabu cha 48 vitampa maswali ambayo mimi darasani sikuyapata. Chuoni, kabla ya kutia sahihi, dai orodha ya malipo yote kwa maandishi, silabusi zikiwemo, na muulize katibu mbele ya shahidi.