Mkutano wa wasaidizi wa radiolojia Marekani: nilichopata kwa ada niliyolipa

Mwaka huu nilihudhuria mkutano wa siku tatu wa wasaidizi wa madaktari bingwa wa radiolojia, uliofanyika katika hoteli moja kusini mwa Marekani, na kwa kuwa ndugu kadhaa walio katika kazi za mionzi, hapa ughaibuni na nyumbani, wameniuliza kama mikutano ya aina hii inastahili gharama zake, nimeona niandike tathmini yenye maelezo ya kutosha. Waandaaji sitawataja, kwa sababu baadhi ya niliyoyaona ni kasoro, na nia yangu ni kumsaidia msomaji ajue aangalie nini katika ratiba kabla ya kutoa fedha yake.

Msaidizi wa daktari bingwa wa radiolojia ni radiografa (mtaalamu wa kupiga picha za eksirei na nyinginezo) mwenye uzoefu aliyerudi chuoni kusomea uchunguzi wa mgonjwa, dawa, na taratibu ndogo za tiba zinazoongozwa na picha, kisha akatahiniwa upya. Marekani, bodi inayowasajili watu wa mionzi ilitoa mtihani wa kwanza wa daraja hili mwaka 2005. Kazi zetu za kila siku ni kumnywesha mgonjwa bariamu, kimiminika kinachoonekana kwenye eksirei, na kufuatilia umio wake kwenye floroskopi, yaani eksirei inayoonyesha picha zinazotembea, kutoa maji ya tumboni na ya kifuani, kuchoma sindano ya uti wa mgongo, kuingiza dawa ya kontrasti, inayofanya sehemu za mwili zionekane wazi pichani, kwenye kiungo cha bega kabla ya MRI, na kupitisha mirija ya mishipani. Ripoti ya picha hatuiandiki. Tunachokiona tunamweleza daktari bingwa, naye ndiye anayeamua na kutia saini. Msomaji wa Tanzania hatapata taabu kuuelewa mpangilio huu, maana amewazoea maafisa tabibu na madaktari wasaidizi, ambao katika hospitali nyingi za wilaya ndio wanaobeba kazi ambazo kwingine huachiwa daktari peke yake.

Nilijilipia mwenyewe, kwa kuwa fungu la mafunzo la idara yetu lilikuwa limekwisha. Usajili, nauli ya ndege na malazi ya usiku tatu vilikaribia dola 1,700, na kwa mtu mwenye watoto shuleni hicho si kiasi cha kutoa bila kufikiri. Radiografa wa kawaida hapa hutakiwa kukusanya pointi 24 za elimu endelevu kila baada ya miaka miwili, na sisi wasaidizi hutakiwa kukusanya 50, kwa hiyo wengi huja mikutanoni wakihesabu pointi tu. Hesabu hiyo pekee haiwezi kuhalalisha safari, kwa kuwa pointi zilezile hupatikana kwa bei ndogo mbele ya kompyuta nyumbani. Mimi nilikwenda kwa ajili ya mambo ambayo lazima mkono uyafanye huku mtu anayeyajua zaidi akiutazama, na kwa kipimo hicho ndicho ninachoupima mkutano huu.

Chumba cha mafunzo ya vitendo kilikuwa na meza nane, na juu ya kila meza palikuwa na mashine ndogo ya ultrasaundi na sinia lenye kifua cha bata mzinga kisichopikwa, ambacho ndani yake zilikuwa zimefichwa zeituni zilizojazwa pilipili tamu nyekundu. Njia hii ya kufundishia ni ya zamani na ni ya bei nafuu, lakini kwenye skrini nyama ile hufanana sana na mwili wa mtu, na zeituni huonekana kama kivimbe cha mviringo chenye mpaka wake. Kazi ilikuwa kuiongoza sindano hadi katikati ya zeituni na kutoka na kipande cha pilipili, ili rangi nyekundu ithibitishe kwamba ncha ilifika ilipotakiwa. Mara ya kwanza nilitoka na nyama tupu, na ya pili vilevile. Mkufunzi, mama mmoja aliyefanya kazi hii kwa miaka mingi kuliko wote tuliokuwa mezani, alinitazama bila kuniingilia, kisha akaniambia kwamba nilikuwa nikisogeza probu (kile kifaa cha ultrasaundi kinachoshikwa juu ya ngozi) na sindano kwa wakati mmoja, ndiyo maana ncha ilinipotea na nikawa ninasukuma kwa kukisia. Akanitaka nikitulize kidole changu kidogo juu ya nyama ili mkono wa probu usitikisike, na kila ncha inapopotea nisimamishe sindano kabisa, niisogeze probu peke yake mpaka niione, ndipo niendelee. Mara ya tatu niliona mstari mweupe wa sindano ukiingia katikati ya kivimbe, na nilipovuta nilikuta uzi mwekundu ndani ya sindano.

Nimekwisha kutoa maji ya tumbo kwa wagonjwa wengi sana, lakini huko shabaha ni bwawa pana na kosa la nusu sentimita halionekani. Kivimbe cha tezi ya shingo, kilicho karibu na mshipa mkubwa wa damu, hakimsamehe mtu. Kosa langu lilikuwa limejificha ndani ya kazi nyepesi kwa miaka, na hakuna mhadhara wa mtandaoni ambao ungelifichua, kwa kuwa mhadhara hauuoni mkono wangu. Kwa saa ile moja peke yake ningelipa ada tena.

Meza ya jirani ilifundisha utoaji wa maji tumboni, na ingawa wengi wetu tulidhani tunaujua, tulikumbushwa mambo mawili yenye uzito. La kwanza ni kuweka rangi ya Dopla, inayoonyesha mtiririko wa damu kwenye ultrasaundi, kwenye ukuta wa tumbo kabla ya kuchoma, ili kuukwepa mshipa wa ateri unaopanda pembeni mwa msuli wa mbele. Mshipa huo ukitobolewa, mgonjwa wa ini ambaye damu yake haigandi vizuri anaweza kuvuja damu nyingi ndani kwa ndani. La pili ni albumini, protini ya damu inayotolewa kwa dripu: maji yanayotolewa yakizidi lita 5, mgonjwa hupewa gramu 6 hadi 8 kwa kila lita iliyotoka, ili mzunguko wa damu na figo zake visiyumbe baadaye.

Zoezi la mshtuko wa mzio lilinigusa zaidi ya yote. Tuliwekwa watatu watatu kando ya sanamu ya mgonjwa aliyetoka kuchomwa dawa ya kontrasti, ambaye kwa maelezo ya mkufunzi alianza kuwashwa, kisha akakohoa, kisha shinikizo lake la damu likashuka. Kila mmoja wetu alijua jibu kwa maneno: adrenalini miligramu 0.3 kwenye msuli wa paja. Lakini tulipoambiwa tuitoe hasa kutoka kwenye sanduku la dharura, tukakuta humo vichupa vya nguvu mbili tofauti, kimoja cha miligramu 1 kwa mililita 1 na kingine cha miligramu 1 kwa mililita 10, na saa ikiwa inahesabu. Kikundi chetu kilitumia zaidi ya dakika mbili. Mwenzangu mmoja alichukua bomba lililokwisha kujazwa, lile linalotumika mshipani moyo unaposimama, na mkufunzi akausimamisha mkono wake papo hapo. Maandishi ya zamani ya uwiano, moja kwa elfu na moja kwa elfu kumi, yaliondolewa kwenye lebo za adrenalini Marekani mwaka 2016 kwa sababu ya mkanganyiko wa aina hiyohiyo, lakini kubadilisha lebo hakumzoezi mtu kuchagua kichupa huku mgonjwa akikosa pumzi. Niliporudi kazini, jambo la kwanza nililofanya ni kufungua sanduku letu pamoja na muuguzi wa zamu, tukapanga adrenalini ya paja katika mfuko wake wa peke yake, pamoja na bomba la mililita 1 na sindano ya urefu unaofaa.

Mhadhara wa kinga ya mionzi ulikuwa mzuri, hasa katika suala la macho. Tume ya Kimataifa ya Kinga ya Mionzi ilipendekeza mwaka 2011 kwamba kikomo cha mionzi kwa lenzi ya jicho la mfanyakazi kishushwe kutoka milisivati 150 (kipimo cha mionzi inayoupata mwili) kwa mwaka hadi wastani wa 20, kwa sababu ilionekana kwamba mtoto wa jicho hutokea kwa kiwango cha chini kuliko ilivyodhaniwa. Sheria ya shirikisho ya Marekani imebaki kwenye 150. Mhadhiri alituonyesha kwa michoro kwamba mionzi mingi inayotufikia hutawanyika kutoka mwilini mwa mgonjwa, hususani upande ule inakoingilia, kwa hiyo mashine inapolazwa ubavuni ni heri kusimama upande wa kipokezi cha picha kuliko upande wa mrija wa eksirei. Kurudi nyuma nako kuna maana kubwa: umbali ukiongezeka mara mbili, mionzi hupungua hadi karibu robo. Nimevaa aproni ya risasi kwa miaka mingi bila miwani ya kinga, na sasa miwani nimeiagiza.

Kasoro zilikuwepo, na moja kati yake ni nzito. Mafunzo ya vitendo yalipangwa sambamba na mihadhara miwili muhimu, na nafasi mezani zilikuwa chache kuliko watu waliosajiliwa, hivyo karibu nusu ya wahudhuriaji waliondoka bila kushika sindano hata mara moja, ingawa walikuwa wamelipa ada sawa na yetu. Mimi nilipata nafasi kwa sababu niliamka mapema na kupanga foleni. Mkutano wa watu ambao kazi yao ni ya mikono hauna sababu ya kuufanya mkono uwe wa ziada. Mhadhara wa chakula cha mchana wa siku ya pili uliendeshwa na muuzaji wa vifaa, na kwa dakika arobaini tulisikia sifa za kifaa kimoja bila kulinganishwa na kingine chochote. Mfumo wa kuandikisha mahudhurio kwa simu nao ulikwama, nikapata cheti cha pointi zangu baada ya wiki tatu na barua pepe nne.

Kikao cha sheria kilikuwa kirefu kupita kiasi, ila kilieleza jambo ambalo kila msaidizi anapaswa kulijua kabla ya kusaini mkataba. Kuanzia tarehe 1 Januari 2019, kanuni za Medicare, bima ya serikali kwa wazee, ziliruhusu vipimo ambavyo awali vilimtaka daktari awemo chumbani vifanywe na sisi ilhali daktari yupo karibu na tayari kuja mara moja, pale sheria ya jimbo inaporuhusu. Bima hiyohiyo haitutambui kama watoa huduma wanaoweza kudai malipo kwa jina lao. Kwa hiyo mahali pamoja msaidizi huachiwa floroskopi nzima, na katika jimbo la pili hukuta milango imefungwa, hata kama ana cheti kilekile. Ningependa waandaaji wagawe jedwali la majimbo, ukurasa mmoja tu, badala ya kutusomea vifungu kwa saa nzima.

Wapo wanaoniuliza kama si afadhali kwenda Chicago, kwenye mkutano mkuu wa RSNA, chama cha radiolojia cha Amerika Kaskazini, unaofanyika McCormick Place kila mwaka mwishoni mwa Novemba. Ni mkutano wa chama kilichoanzishwa mwaka 1915, unakusanya makumi ya maelfu ya watu, na ukumbi wa maonyesho peke yake huweza kukumalizia siku. Anayetaka kuona mashine mpya za CT au kusikiliza tafiti kabla hazijachapishwa aende huko. Lakini programu yake kwa sehemu kubwa imepangwa kwa ajili ya madaktari wanaosoma picha, na msaidizi mwenye swali kuhusu namna ya kushika probu atazunguka sana kabla ya kumpata wa kumjibu. Kwenye mkutano mdogo nilikula kifungua kinywa na mkufunzi wa siku iliyopita. Radiografa wa Uingereza, ambako wenzetu wenye mafunzo ya uzamili wamekuwa wakiandika ripoti za eksirei tangu miaka ya 1990, wao watauona uwanja wetu kuwa mwembamba upande wa usomaji wa picha na mpana upande wa sindano, na mikutano yao ya nyumbani itawafaa zaidi.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki ushauri wangu ni tofauti kidogo. Sikushauri ukope fedha ya viza na nauli kwa ajili ya siku tatu kama hizi, ilhali meza ya zeituni inaweza kuandaliwa Dodoma au Mombasa kwa kifua cha kuku, zeituni za dukani na mashine ya ultrasaundi ambayo tayari ipo wodini. Tangu mwaka 2018 mpango wa Road2IR umekuwa ukipeleka timu za walimu katika Hospitali ya Taifa Muhimbili kufundisha radiolojia ya tiba, yaani tiba zinazoongozwa na picha, na ndani ya timu hizo wamo wauguzi na radiografa pamoja na madaktari. Katika siku zote tatu sikuusikia mpango huo ukitajwa jukwaani, nami nikauzungumza wakati wa chai na wenzangu wawili, ambao wote waliandika jina lake.

Kwenye fomu ya tathmini nimeandika kwamba nitarudi mwaka ujao kwa sharti moja: kila aliyelipa ahakikishiwe angalau saa moja mezani, kwa zamu iliyoandikwa kabla ya kusafiri. Waandaaji wamejibu kwamba wataongeza meza nne. Ratiba ikitoka nitaangalia zamu hizo kwanza, kabla ya kukata tiketi.