La decima vittima: wanaua kwa kibali, wanauza chai

Katika dakika za mwanzo za La decima vittima, filamu ya Kiitaliano ya mwaka 1965 iliyoongozwa na Elio Petri, mwanamke aliyevaa barakoa anacheza dansi ndani ya klabu moja ya New York. Anapita kati ya meza akiwazaba makofi wateja, nao wanayapokea kama huduma waliyoilipia. Mwanamume aliyekuwa akimfukuza mitaani kwa bastola naye yumo ukumbini. Anamvua barakoa na kugundua ni nani, lakini ameshachelewa, kwani bunduki mbili fupi zimefichwa ndani ya sidiria ya yule mwanamke, moja kila upande. Zinalia, mwanamume anaanguka, na ukumbi unashangilia.

Tukio hilo limenakiliwa sana. Hata bendi ya Ming Tea katika filamu za Austin Powers imechukua jina lake kutoka humu. Wengi huishia kuifahamu kazi ya Petri kwa ile sidiria tu, nao wanakosa mengi. Cha kutazama ni kinachoendelea pembeni ya mauaji, yaani leseni, kanuni, tangazo na mkataba. Huko ndiko dhihaka ilikolala.

Tuanze na kanuni, maana hadithi nzima inasimama juu yake. Ni karne ya 21. Vita vimekwisha kwa sababu serikali zimehalalisha mchezo uitwao Uwindaji Mkubwa, na kila mwenye hamu ya kuua anajiandikisha. Kompyuta iliyoko Geneva huchagua jozi, mmoja akiwa mwindaji na mwingine mwindwa. Mwindaji hupewa kila taarifa kuhusu mtu wake. Mwindwa huambiwa jambo moja tu, kwamba anawindwa. Kila mshiriki ana raundi 10, 5 akiwa mwindaji na 5 akiwa mwindwa, na anayezimaliza zote akiwa hai hupewa dola milioni 1. Lakini ukimpiga mtu asiyehusika, ukidhani ndiye mwindaji wako, basi hilo ni kosa la jinai na unafungwa. Watetezi wa mchezo wana hoja yao: kama ungekuwepo zamani, Hitler angejiandikisha na Vita Kuu ya Pili isingetokea. Hoja hiyo inasemwa kwa sauti tulivu ya mtu wa ofisini, na utulivu huo ndio unaotisha.

Caroline Meredith, anayechezwa na Ursula Andress, ameshavuka raundi 9. Kompyuta inampa mtu wa mwisho, Marcello Polletti wa Roma, anayechezwa na Marcello Mastroianni. Kampuni ya chai ya Ming inataka kifo hicho cha kumi kiwe tangazo la televisheni, na pa kukirekodia ni Hekalu la Venus, jirani na Colosseum. Kwa hiyo Caroline hawezi kumpiga risasi barabarani na kuondoka zake. Lazima amvute mtu wake mpaka mahali palipopangwa, mbele ya kamera, kukiwa na wachezaji dansi na kikombe cha chai.

Hapa waandishi walifanya kazi safi. Hadithi za muuaji anayempenda anayetakiwa kumuua huwa na tundu lilelile: kwa nini asimalize kazi siku ya kwanza? Mara nyingi jibu ni mapenzi, na mapenzi ya ghafla hayamshawishi mtazamaji. Katika filamu hii Caroline anachelewa kwa sababu amefungwa na mkataba. Marcello naye hawezi kumwahi, kwa sababu hana uhakika kama huyu mgeni anayejiita mwandishi wa habari, aliyekuja kuchunguza tabia za kimapenzi za wanaume wa Kiitaliano, ndiye mwindaji wake au la. Akikosea, jela inamngoja. Mmoja amefungwa mikono na mdhamini, mwingine na sheria, na mapenzi yanaingia katika nafasi iliyobaki katikati. Ndiyo maana kila wanapokula pamoja au kutembea pamoja kuna mvutano, hata wakizungumza mambo ya kawaida kabisa.

Chanzo chake ni hadithi fupi ya Robert Sheckley, “Seventh Victim”, iliyochapishwa katika jarida la Galaxy mwaka 1953. Humo mwindaji ni mwanamume na anayewindwa ni mwanamke. Petri, akiandika pamoja na Ennio Flaiano, Tonino Guerra na Giorgio Salvioni, aligeuza kibao. Matokeo yake ni makubwa kuliko yanavyoonekana. Kwa Sheckley tunamcheka mwanamume anayejiamini kupita kiasi. Kwa Petri mwanamume ameshachoka kabla hata hajafukuzwa. Mastroianni, aliyezoeleka na nywele nyeusi na macho ya kubembeleza, amepakwa rangi ya dhahabu kichwani, nywele zimekatwa fupi, na anatembea kama mtu asiyelala vizuri kwa mwezi mzima. Andress, ambaye tangu 1962 dunia ilimjua kwa bikini nyeupe ufukweni katika filamu ya James Bond, Dr. No, ndiye mwenye nguvu, mpango na kikosi cha wapiga picha. Anacheza kwa uso mkavu, na ukavu huo umelaumiwa. Lakini Caroline ni mtu anayejiona muda wote kama yuko ndani ya tangazo, kwa hiyo uso wa bango unamfaa hasa.

Mtazamaji asiyeijua Italia ya miaka ya 1960 atapitwa na mizaha mingi. Mkubwa kuliko yote ni ndoa ya Marcello. Amekwama na mke wake Lidia, anasubiri ndoa ibatilishwe, na mpenzi wake Olga, anayechezwa na Elsa Martinelli, anasubiri mpaka hasira zimpande. Filamu ilipotoka, Italia haikuwa na sheria ya talaka. Ilipatikana Desemba 1970. Petri alikuwa anawaambia watazamaji wake kwamba hata siku serikali itakapotoa kibali cha kuua mtu mchana kweupe, bado haitatoa kibali cha kuachana. Ukilijua hilo, kila Lidia na Olga wanapogombana kuhusu karatasi za ndoa unacheka kwa sababu tofauti.

Mzaha wa pili uko nyumbani kwa Marcello. Katika dunia hii wazee hukabidhiwa kwa serikali, lakini yeye amewaficha wazazi wake ndani, kama watu wengi wa nchi yake wanavyofanya kimyakimya. Ni tukio fupi lisilo na muziki wa kukukamua machozi. Ni la upole kuliko yote humu, na linaonyesha kwamba nyuma ya miwani myeusi kuna mtu. Kisha kuna vitabu vyake vya vikatuni, vinavyotunzwa kwa heshima ya fasihi ya kale. Wakati huo Italia ilikuwa inabishana kwa dhati kama vikatuni vinastahili kusomwa na watu wazima, na Petri anauruka ubishi huo miaka 100 mbele.

Jambo moja lipo karibu na moyo wa filamu, nalo ni zile buti. Marcello anatakiwa kumuua baroni wa Kijerumani kwenye uwanja wa mashindano ya farasi. Anamtegea baruti kwenye buti zake za kupandia farasi na kusubiri. Baroni, akiwa na adabu za kijeshi, anagonganisha visigino kusalimia, na salamu yenyewe inamlipua. Hakuna neno linaloongezwa. Adabu yake ndiyo kifyatulio. Ukitaka kujua namna Petri anavyofikiri, rudia sekunde hizo: anatafuta tabia ambayo mtu hawezi kuiacha, kisha anaweka mtego hapohapo.

Upande wa picha, sifa zake si za kutiwa chumvi. Mpiga picha ni Gianni Di Venanzo, mmoja wa mabingwa wa nyeusi na nyeupe nchini Italia, ambaye alifariki mwaka mmoja tu baadaye. Hapa ana rangi mkononi lakini bado anafikiri kwa nyeupe na nyeusi. Kuta ni nyeupe, sakafu nyeupe, suti nyeusi, mistari na miduara ya kutatanisha macho ukutani. Kisha rangi moja kali inaingizwa katikati, mara nyingi ni gauni la Andress, na jicho halina pa kwenda isipokuwa hapo. Mandhari ni ya Piero Poletto na mavazi ni ya Giulio Coltellacci. Kazi yao inafanana na kurasa za jarida la mitindo kwa makusudi, kwa sababu katika dunia hii kila kitu kinauzwa, na kila chumba kimepangwa kama dirisha la duka. Biashara matangazo, husema watu, na humu hata damu imekubali msemo huo. Angalia jinsi damu inavyoonekana kwa nadra. Mtu anakufa kwa usafi, mavazi hayachafuki, na ukumbi unaendelea na vinywaji.

Muziki ni wa Piero Piccioni: kinanda cha ogani, ngoma za jazi nyepesi, na sauti za wanawake zinazoimba bila maneno. Wimbo wenyewe, “Spiral Waltz”, unaimbwa na mwimbaji wa Kiitaliano Mina. Ni mtamu mno kwa shughuli inayoendelea, na utamu huo unafanya kazi ileile ya kuta nyeupe: unakuzuia kushtuka, halafu baadaye unajiuliza kwa nini hukushtuka.

Kasoro zipo, na si ndogo. Marcello ana kazi ya pembeni, kuongoza kundi la waabudu machweo wanaokusanyika ufukweni kulilia jua linalozama. Wazo ni zuri, lakini linapigwa mara moja na kuachwa. Halichangii chochote kwenye uwindaji, na kasi inashuka kabla tu ya pale ambapo ingepaswa kupanda. Lidia na Olga wameandikwa kama kelele zaidi kuliko watu. Mwindaji wa Kichina wa mwanzoni ni sura tu, hana hata sentensi moja ya kumfanya binadamu. Na dakika 15 za mwisho zinajipindua mara nyingi mno. Risasi zinapigwa, mtu anaanguka, anainuka, mwingine anatokea na bunduki yake. Kila pindu, likitazamwa peke yake, lina akili. Yakifuatana, yanaua uzito wa kifo, na filamu iliyokuwa na makali inaishia kuwa vichekesho vya ndoa. Hekaluni, kamera zikiwa tayari na wachezaji wakisubiri, ndipo Petri alipopaswa kukaa na kukamua kila tone. Anapaharakisha ili afike kwenye utani wa mwisho.

Pamoja na hayo, ni filamu ya kuwa nayo nakala nzuri, si yoyote inayopatikana. Nakala mbovu huiharibu hii kuliko filamu nyingi za umri wake, na sababu ni ileile mistari na kuta nyeupe. Faili iliyobanwa sana hufanya mistari myembamba itetemeke na kuta zigawanyike vipande vya mraba. Rangi zikiwa zimefifia, ule mpango wa rangi moja dhidi ya nyeupe unapotea, na unabaki na vyumba vya kijivu. Zipo pia nakala zilizokatwa kwa ajili ya televisheni za zamani zenye umbo la karibu mraba. Picha halisi ina uwiano wa 1.85 kwa 1, yaani upana kwa kimo. Petri anapenda kuweka tangazo au mtu wa tatu ukingoni, na ukikatwa ukingo umekatwa kichekesho.

Kwenye televisheni, zima kile kipengele cha kulainisha mwendo. Kinaifanya picha ya filamu ionekane kama tamthilia ya studio, na mistari ya ukutani huanza kuogelea kamera inapogeuka. Punguza mwangaza kidogo kama nyuso zinayeyuka kwenye kuta. Sauti asilia ni ya mkondo mmoja, kwa hiyo ikiwa spika zako zinaigawa kuwa ya kuzunguka, rudisha kwenye hali ya kawaida, la sivyo zile sauti za waimbaji zitazama.

Lugha ni suala la pekee. Sinema ya Kiitaliano ya wakati huo iliingizwa sauti studioni baada ya kupiga picha, hivyo midomo kutolingana kidogo si dalili ya nakala mbovu. Chagua sauti ya Kiitaliano yenye manukuu. Ndiyo yenye mwendo sahihi wa maneno, hasa Mastroianni anapolalamika kwa uvivu. Lakini kagua manukuu yenyewe. Baadhi ya matoleo huandika maneno ya sauti ya Kiingereza badala ya kutafsiri Kiitaliano, na utani wa ndoa na wa wazee hupungua. Kipimo rahisi: sikiliza sentensi ndefu, kama manukuu ni maneno mawili matatu tu, au yanatokea pasipo mtu kusema, umepata ya aina hiyo.

Kampuni ya Blue Underground imeitoa kwenye Blu-ray. Kabla ya kununua diski yoyote, soma nyuma ya jalada herufi ya eneo la dunia ambalo diski imetengenezewa: A ni ya Marekani na jirani zake, B ni ya Ulaya na Afrika, na mashine ya B haitasoma diski iliyofungiwa A. Kisha tazama urefu. Unatakiwa kuwa kama dakika 92. DVD ya PAL, mfumo wa televisheni wa Ulaya na sehemu kubwa ya Afrika, huenda kwa fremu 25 kwa sekunde badala ya 24, hivyo dakika 88 kwenye DVD hiyo bado ni filamu kamili, ila muziki wa Piccioni utasikika umepanda kidogo. Dakika 88 kwenye Blu-ray ya fremu 24 ni habari nyingine: kuna kilichokatwa, na diski hiyo iache dukani.