Fundi anayekuja nyumbani kusoma moteri ya Land Cruiser ya zamani, Goma: uzoefu wangu

Nimelipa dola 25 ili fundi aje kwenye parseli yangu, mtaa wa Himbi, atambue aina ya moteri ya Toyota Land Cruiser HJ75 niliyoinunua. Alifanya kazi kwa muda wa saa mbili na nusu. Nampa nyota nne kati ya tano. Aliyenunua Land Cruiser ya miaka ya 70 au 80 hapa kwetu aite mtu wa aina hii kabla hajapeleka hata dola moja sokoni Birere kutafuta piesi (vipuri).

Muuzaji alisema ni 2H, moteri ya mazutu (dizeli) ya Toyota. Chasi nayo ilisema hivyo. Bloku (mwili wa moteri) ilisema 1HZ, aina nyingine.

Wengi wanachanganya chasi na moteri, na hapo ndipo kosa linapoanzia. Herufi zilizogongwa kwenye reli ya chasi, mbele upande wa kuume, zinaonyesha moteri iliyowekwa na kiwanda: FJ ni moteri ya esansi (petroli) ya familia ya F, BJ ni ya mazutu yenye silinda nne ya familia ya B, HJ ni ya mazutu yenye silinda sita ya familia ya H, PZJ ni 1PZ yenye silinda tano, HZJ ni 1HZ. Kibati kilicho ndani ya kapo (boneti) nacho kinaonyesha aina na ujazo. Lakini gari lenye miaka 35 limepita mikononi mwa mafundi wengi, na moteri hubadilishwa pasipo mtu kugusa kibati. Kwa hiyo karatasi na chasi vinakupa swali la kuanzia tu. Jibu liko kwenye bloku.

Fundi hakukimbilia namba iliyogongwa kwenye bloku. Alianza na umbo, na nakubaliana naye kabisa, kwa sababu namba inaweza kufutika au kugongwa upya, lakini umbo la moteri halifichiki.

Kwanza, esansi au mazutu. Ukiona kabureta, distribyuta na waya za plagi, uko kwenye F (lita 3.9), 2F (lita 4.2, iliyoanza 1975) au 3F (lita 4.0). Ukiona tiyo za chuma zinazotoka kwenye pompa kwenda kwenye enjektere (vinyunyizio vya mafuta), ni mazutu. Zihesabu tiyo hizo: nne kwa kawaida ni familia ya B, tano ni 1PZ, sita ni H, 2H, 12H-T, 1HZ au 1HD-T.

Baada ya kuhesabu, angalia pompa yenyewe. Kwenye 2H ni ndefu, na tiyo sita zinapanda kwa mstari mmoja juu yake. Kwenye 1HZ ni fupi, na tiyo zinatoka nyuma yake kwa mduara. Kwangu ilikuwa fupi. Hapo nilijua muuzaji alikosea, hata kabla brashi haijagusa chuma.

Kisha mbele ya moteri. 2H huzungusha shafti ya valvu kwa gia zilizofunikwa na kifuniko cha chuma. Haina mkanda wa ndani. 1HZ ina mkanda wa meno chini ya kifuniko cha plastiki. Hii ndiyo tofauti inayoweza kuua moteri. Mtu anayeamini ana 2H hatabadilisha mkanda kamwe, kwa kuwa anajua haupo. Kwenye 1HZ mkanda ukikatika, valvu hugonga pistoni, na unaishia kufungua kulasi (kichwa cha moteri) nzima. Kipimo cha kawaida ni kuubadilisha kila kilomita 100,000. Kama kaunta ya kilomita haiaminiki, na kwenye magari haya mara nyingi haiaminiki, badilisha sasa uanze hesabu yako upya. Fundi alifungua kifuniko mbele yangu: meno yalikuwa bado mazima, ila mgongo wa mkanda ulikuwa umepasuka-pasuka. Nilibadilisha wiki ileile, pamoja na rola yake ya kukazia.

Nafasi ya valvu nayo hupimwa tofauti. Kwenye 2H unarekebisha kwa skrubu, moteri ikiwa ya moto: milimita 0.20 kwa valvu za kuingiza, 0.36 kwa za kutoa. Kwenye 1HZ unapima moteri ikiwa baridi, karibu 0.20 na 0.40, na hakuna skrubu. Unabadilisha visahani vya unene maalumu. Mwenye kutumia utaratibu wa moteri moja kwenye nyingine atafunga valvu vibaya na kuchoma ncha zake.

Sasa namba. Imegongwa kwenye sehemu bapa, pembeni mwa bloku. Upande unategemea aina ya moteri. Kwenye F na 2F tafuta upande wa kuume, nyuma ya distribyuta. Hapa Goma vumbi jeusi la mawe ya volkano linachanganyika na mafuta yanayovuja na kuwa gamba gumu kama lami. Fundi alililowesha kwa mazutu dakika 20, akalikwangua kwa kipande cha mbao, akamalizia na brashi ya waya wa shaba. Usikubali mashine ya kusagia chuma: namba si za kina, zitaondoka, na siku utakapouza gari utaonekana umezifuta kwa makusudi. Alipomaliza alipaka chaki nyeupe, akafuta juu kwa kitambaa kikavu. Chaki ikabaki ndani ya herufi tu. Tochi iliwekwa pembeni, si mbele, ili kivuli kionyeshe kina. Mahali ambapo mkono haufiki aliingiza kamera ndogo ya waya iliyounganishwa na simu. Tarakimu zote zilikuwa na kina kimoja na mstari mmoja, dalili nzuri. Zikiwa zimepinda huku na huku juu ya chuma kilichosagwa, simama na uulize.

Mwisho alipima umeme. Batri mbili si lazima ziwe volti 24! Zikiunganishwa sambamba ni 12, zikifuatana ni 24. Weka mita kati ya chasi na kila nguzo chanya: ukipata karibu 12.6 kote, ni 12. Ukipata karibu 25 kwenye nguzo ya mwisho, ni 24. Soma pia volti ya demarere (mota ya kuwashia moteri), na soma volti iliyoandikwa kwenye plagi ya kupashia moto yenyewe, maana si kila plagi kwenye gari la volti 24 ni ya volti 24. Plagi isiyofaa huungua kwa sekunde chache.

Jambo moja aliloniambia linastahili kurudiwa. “Papa, ukiona turbo kwenye 1HZ, usifikiri ni 1HD-T.” Ni kweli: 1HD-T ni moteri nyingine iliyotoka kiwandani na turbo, lakini kiwanda hakikuwahi kuiuza 1HZ na turbo, kwa hiyo turbo hiyo imeongezwa na mtu, na lazima ujue kiasi cha mazutu kilirekebishwa namna gani. Na moshi mweusi wa moteri isiyo na turbo hapa kwetu usikutishe haraka. Kwenye mita 1,500 hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 14 kuliko pwani, kwa hiyo pompa iliyopangwa kwa pwani inatia mazutu mengi mno.

Nyota niliyoondoa ni kwa sababu ya familia ya B. Jirani yangu ana BJ42, fundi akaitazama na kusema “3B” kwa macho tu. B (lita 3.0), 2B (3.2) na 3B (3.4) zote zina mwendo wa pistoni wa milimita 105, kinachotofautiana ni kipenyo: 95, 98 na 102. Kipenyo hakionekani kwa nje, wala huwezi kukifikia kupitia tundu la enjektere, kwa sababu linaishia kwenye chemba ndogo, si kwenye silinda. Hapo ni namba ya bloku tu, au kufungua kulasi. Ukiagiza segma (pete za pistoni) za 102 kwa silinda ya 95, fedha imepotea. Tulimrudisha asafishe bloku ya jirani. Ilikuwa kweli 3B, lakini alipaswa kuisoma kwanza.

Ukimwita, mwombe apige picha ya namba kabla hajafuta chaki na akutumie palepale kwa simu. Mimi naionyesha picha hiyo kwa muuza piesi kabla sijataja hata jina la gari.