ThinkPad P52 ya mtumba mezani kwa mpima ardhi

Kwa mtu anayechora barabara, anayepima mashamba au anayeunganisha picha za ndege nyuki kuwa ramani, uamuzi wa kununua kompyuta hauanzi na jina la prosesa. Unaanza na ile saa ya nne ya kazi, wakati feni zinavuma, bodi imepata moto na programu bado inakokotoa mamilioni ya pointi. Hapo ndipo kompyuta mpakato nyembamba hupunguza kasi ili isiungue, na hapo ndipo kompyuta iliyotengenezwa kwa kazi nzito hupata nafasi ya kuonyesha tofauti yake. Nimeitumia ThinkPad P52 ya Lenovo kwa msimu mzima wa upimaji, ofisini Morogoro na vijijini, na niliinunua ikiwa imekwishatumika, kama wengi wetu tulivyozoea kufanya kwa vifaa vya aina hii ambavyo bei yake vikiwa vipya huelekezwa kwa makampuni na si kwa mtu anayejitegemea. Tathmini hii basi ni ya mashine ya mtumba, na inaipima kwa kazi ya mtu mmoja mwenye wateja, tarehe za kukabidhi kazi na umeme usiotabirika.

P52 ilitoka mwaka 2018. Ina prosesa za Intel za kizazi cha nane zenye koa (viini vya kukokotoa) sita, skrini ya inchi 15.6, kadi ya michoro ya Nvidia Quadro inayoanzia P1000 hadi P3200, na uzito unaoanzia takriban kilo 2.45 kabla hujaongeza chaja. Washindani wake wa mwaka uleule ni Dell Precision 7530 na HP ZBook 15 G5, na zote tatu huweza kuonekana kwenye rafu moja ya duka la mitumba. Mwaka huohuo Lenovo ilitoa pia ThinkPad P1, dada mwembamba mwenye kilo 1.7 hivi, na watu wengi huvutiwa nayo kwa mara ya kwanza kwa sababu inabebeka kwa mkono mmoja. Mimi nilivutiwa nayo pia, kisha nikaiacha, na sababu kubwa ilikuwa RAM, kumbukumbu ya muda ambamo kompyuta hushikilia kazi inayoendelea.

P52 ina nafasi nne za RAM na hupokea hadi GB 128, wakati P1 ina nafasi mbili na ukomo wake ulitangazwa kuwa GB 64. Kwa mhasibu au mwandishi tofauti hiyo haina maana yoyote. Kwa anayetumia Metashape au Pix4D kuunganisha picha mia kadhaa za angani, ndiyo inayoamua kama kazi itakamilika au itakatika katikati ya usiku, kwa maana mahitaji ya RAM hupanda kadiri picha zinavyoongezeka na kadiri unavyochagua ubora wa juu, na RAM ikijaa mashine huanza kuhamishia mzigo kwenye diski, jambo linaloigeuza kazi ya saa mbili kuwa ya kutwa. Nilianza na GB 32, nikaona zinatosha kwa mashamba madogo. Nilipopata kazi ya bonde zima nililazimika kuligawa eneo vipande vitatu na kuviunganisha baadaye kwa mkono, kazi ambayo haimpendezi mtu. Niliongeza nyingine 32 nikiwa palepale mezani. Hapa pana jambo ambalo anayenunua anapaswa kulijua mapema: nafasi mbili za RAM ziko chini ya mfuniko wa tumboni, ambao hufunguka kwa skrubu chache, lakini mbili nyingine ziko chini ya kibodi, na fundi asiyeijua mashine hii anaweza kukuambia kwamba nafasi zimejaa kumbe hajatazama upande wa pili. Kompyuta nyingi nyembamba za leo zina RAM iliyounganishwa moja kwa moja kwenye bodi, kwa hiyo ulichonunua siku ya kwanza ndicho utakachozikwa nacho.

Kuhusu prosesa nitasema machache, kwa sababu ndilo jambo ambalo wauzaji hulisema zaidi. P52 hupatikana na Core i7 au na Xeon, na neno Xeon hupandisha bei papo hapo kana kwamba ni cheo. Faida yake ya pekee inayostahili kutajwa ni kwamba inaruhusu RAM ya ECC, ile inayojisahihisha makosa, na hiyo pia ni pale tu utakapoweka RAM ya aina hiyo yenyewe. AutoCAD, programu ya kuchorea ramani za ujenzi, kwa sehemu kubwa ya kazi zake hutegemea koa moja tu, hivyo mchoraji wa nyumba hatapata chochote kutokana na cheo hicho. Core i7-8850H, ambayo ndiyo ninayotumia, hupanda hadi GHz 4.3 pale koa moja inapohitaji kukimbia, na kwa michoro inatosha kabisa. Koa sita zinakuja kufaa kwenye picha za angani, ambako programu huzitumia zote kwa pamoja.

Kadi ya michoro inahitaji maelezo marefu zaidi, kwa kuwa hapo pana sifa iliyotukuzwa kupita kiasi na pana kasoro ambayo wachache huitaja. Sifa ni kwamba Quadro huja na viendeshi (programu ndogo zinazoiongoza kadi) vilivyojaribiwa na kuidhinishwa pamoja na programu za uhandisi, kwa hiyo ukizungusha modeli kubwa mistari haipotei wala programu haifungi ghafla kwa sababu ya sasisho la juzi. Hilo ni kweli, na anayefanya kazi kwa mkataba anajua thamani ya kompyuta isiyomshangaza. Lakini kuidhinishwa si kasi. Kadi ya michezo ya kompyuta ya bei hiyohiyo mara nyingi hukokotoa haraka zaidi. Kasoro ni umri. Kadi za P1000, P2000 na P3200 ni za kizazi cha Pascal, na toleo la 13 la CUDA, mfumo wa Nvidia unaoziwezesha programu kukokotoa kwa kadi ya michoro, lililotoka mwaka 2025, limeacha kukihudumia kizazi hicho. Maana yake si kwamba kadi itazimika kesho, bali kwamba programu za picha zitakapohamia kwenye matoleo mapya ya CUDA, mwenye P52 atabaki na toleo la programu alilonalo au atarudi kukokotoa kwa prosesa peke yake. Kwa anayenunua leo ili atumie miaka miwili au mitatu, naona hilo linavumilika. Kwa anayetaka mashine ya miaka sita, aangalie kizazi cha baadaye, kwa mfano P53 yenye kadi za Quadro RTX, na alipe tofauti ya bei.

Sasa uzito, joto na umeme. Chaja ya P52 ni tofali halisi: ni ya wati 170 au 230 kutegemea kadi uliyonayo, na ukiiweka begini pamoja na mashine yenyewe, bega litakukumbusha kila kilomita unayotembea. Wapimaji hubeba vingi tayari, na sijaona namna ya kulipamba jambo hili. Betri ni ya Wh 90, yaani inaweza kutoa wati 90 kwa saa moja, namba inayosikika kuwa kubwa mpaka ufanye hesabu: prosesa peke yake imekadiriwa wati 45, na kadi kubwa inaweza kuhitaji zaidi ya hapo, kwa hiyo kwa kazi nzito saa moja kamili bila umeme ni matumaini tu. Kwa kuandika ripoti na kusoma barua pepe inakwenda kwa saa kadhaa. Nimeacha kuihesabu betri kama chombo cha safari na nimeanza kuihesabu kama kinga ya kukatika kwa umeme, na kwa kazi hiyo ni bora kuliko kompyuta yoyote ya mezani, kwa kuwa umeme ukikatika ninapata muda wa kuhifadhi kazi, kusimamisha ukokotoaji kwa utaratibu na hata kumalizia hatua iliyokuwa ukingoni. Anayetegemea kuichaji ndani ya gari ajue kwamba inveta ndogo ya wati 150, ile inayochomekwa kwenye tundu la kiberiti, haiwezi kubeba chaja ya wati 170, sembuse ya 230.

Feni husikika. Katika chumba cha mkutano mteja atageuka kuangalia, na kwa Morogoro ya mwezi wa Januari dirisha likiwa wazi hazipumziki kabisa mashine inapokokotoa. Hata hivyo kasi inabaki tulivu. Haipandi na kushuka kama pumzi za mgonjwa. Vumbi la barabara za mashambani ndilo adui mkubwa zaidi wa utulivu huo, na kwa bahati nzuri mfuniko wa chini unafunguka kirahisi kiasi kwamba kupuliza feni kila baada ya safari ndefu si jambo la kumwita fundi.

Kibodi ni mahali ambapo nadhani P52 iliwazidi wengi bila kelele. Ina safu ya namba upande wa kulia, ambayo P1 haina, na anayeingiza viratibu vya UTM (mfumo wa ramani unaotaja mahali kwa mita) kwa mkono, tarakimu saba za kaskazini na sita za mashariki kwa kila kigingi, anajua safu hiyo inaokoa nini. Padi ya kugusa ina vitufe vitatu vya kubonyeza kwa kweli, na kile cha katikati ndicho ambacho programu za uchoraji hutumia kusogeza mchoro, kwa hiyo ukisahau kipanya nyumbani kazi inaendelea. Tahadhari moja: mashine nyingi za mtumba hutoka Ujerumani na nchi jirani zake, na kibodi ya Kijerumani imebadilishana nafasi za Z na Y. Kwa Mswahili hilo ni balaa la pekee, kwani atakayeandika “nyanya za mzee” bila kutazama atapata “nzanza ya myee”. Mpangilio unaweza kubadilishwa ndani ya Windows, lakini maandishi juu ya vitufe yatabaki yakikudanganya.

Skrini nisiichelewe. Ipo ya kawaida ya 1920 kwa 1080 yenye mwanga wa niti 300, na ipo ya 4K ya kugusa yenye niti 400 na rangi kamili za Adobe RGB. Mpiga picha achukue ya pili. Mimi nina ya kwanza na sijuti, kwa sababu katika inchi 15.6 programu za zamani za upimaji huonyesha alama ndogo mno kwenye 4K. Chini ya jua la mchana uwandani, hakuna hata moja kati ya hizo mbili inayosomeka vizuri.

Dukani, kabla ya kutoa fedha, hakikisha kwanza kwamba ni P52 kweli. P51 iliyotangulia inafanana nayo sana kwa sura, lakini ina prosesa za kizazi cha saba na haihudumiwi rasmi na Windows 11, na huduma za kawaida za Windows 10 zilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo punguzo utakalopewa kwenye P51 lina sababu yake. Kisha washa mashine na uingie mwenyewe kwenye BIOS, mipangilio ya msingi inayofunguka kabla ya Windows, mbele ya muuzaji. Kompyuta hizi hutoka kwenye makampuni, na baadhi huja na nywila ya msimamizi ambayo hakuna aliyeiondoa; kwa ThinkPad nywila hiyo haifutwi kwa kutoa betri ndogo ya ndani, na njia rasmi ya kuiondoa ni kubadilisha bodi nzima. Muuzaji mmoja aliniambia kwamba BIOS si jambo la mteja kugusa. Nilimshukuru, nikaenda duka la pili.