Paka wa dukani, mbwa wa uani: yupi ananilipa?

Wateja wangu wa Kihonda wakiona paka amelala juu ya gunia la maharage na mbwa amefungwa uani, huniuliza swali lilelile: mama, ukiambiwa ubaki na mmoja, utamwacha nani? Mimi nauza nafaka, unga na mafuta ya kupima hapa Morogoro, na hawa wawili niliwachukua kwa ajili ya kazi, mazoea yakaja baadaye. Kwa hiyo nawapima kama ninavyopima bidhaa yoyote inayoingia dukani: imenigharimu kiasi gani, inakula nini, inafanya kazi gani, na inanigombanisha na nani. Hilo la mwisho watu hawaliulizi, na kwangu ndilo lililoamua.

Nianze na paka. Alikuja bure. Dada anayeuza samaki sokoni alikuwa na watoto wa paka kwenye boksi la sabuni, anabembeleza kila anayepita. Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa mitego ya gundi na sumu. Gundi inanasa vipanya vidogo. Panya mwenyewe anaondoka na mtego mguuni, anauburuza hadi kwenye mchele. Sumu ndiyo balaa zaidi kwenye duka la chakula. Panya anaila hapa, anakwenda kufia chini ya rafu, na wewe unamtafuta kwa pua huku mteja anaiziba yake. Tangu paka aanze kazi, sumu marufuku, maana akimla panya aliyekula sumu anaweza kumfuata.

Kazi anaifanya. Wala haui kila siku; nusu ya kazi ni harufu yake tu. Panya wakishajua mahali pana paka hawana raha ya kutengeneza kiota hapo. Magunia yaliyokuwa yakitobolewa pembeni sasa yanaisha bila kiraka. Asichogusa ni panya buku. Hao wanapishana naye mlangoni kama watu waliokwisha kuandikishana serikali za mtaa. Pengine anajua anachofanya, kwa sababu mji huu panya buku wana heshima yao. Pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO linawafundisha kunusa mabomu ya ardhini na makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alitunukiwa medali ya dhahabu na PDSA, taasisi ya Uingereza ya kutibu wanyama, mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia. Wanaokuja dukani kwangu hawajapita shule hiyo.

Chakula cha paka ni dagaa, vichwa vya samaki na utumbo wa kuku. Wengi huwapa ugali mtupu kisha wanashangaa mnyama anakonda na manyoya yanasimama. Mbwa anaweza kwenda na ugali wenye mchuzi wa mifupa. Paka hawezi. Mwili wake unahitaji kirutubisho kiitwacho taurini, nayo inapatikana kwenye nyama na samaki, haimo kwenye dona. Akiikosa kwa muda mrefu macho na moyo vinaharibika. Na ile habari ya kumnyima chakula ili awinde vizuri, mimi siikubali. Paka mwenye njaa anawinda jikoni kwa jirani.

Kasoro anazo. Kubwa ni mkojo. Alipokuwa bado mgeni alichagua kona ya maharage ya njano, na maharage yaliyokojolewa na paka humuuzii mtu, hata ukiyaosha na kuyaanika juani. Nikaweka beseni la mchanga nyuma ya duka, nabadilisha kila siku, na akalizoea haraka kuliko nilivyotarajia. Ila anayezoa mchanga huo asiwe mjamzito. Kinyesi cha paka kinaweza kubeba vimelea vya toksoplazima, na vikimpata mama kwa mara ya kwanza akiwa na mimba vinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Kwangu kazi hiyo anaifanya kijana wa duka, na analalamika kila asubuhi.

Sasa mbwa. Anaitwa Tomi, ni mbwa wa kawaida wa kwetu, masikio moja limesimama moja limelala, kutoka kwa wafugaji wa Mvomero. Mtu akikaribia usiku anajua kabla geti halijaguswa. Kuna usiku vibaka walipita mtaa wetu, wakakata kufuli la duka la mbele, la kwangu wakaliruka. Siwezi kula kiapo kwamba ni kwa sababu yake, lakini alibweka tangu saa nane mpaka adhana ya alfajiri.

Halafu mbwa anakupenda, na hapa simpunji. Nikirudi jioni anazunguka mpaka mnyororo unamfunga miguu. Paka nikirudi anafumbua jicho moja, akiona sina mfuko wa samaki analifumba. Anayetaka mnyama wa kufurahi naye, anayeishi peke yake na ana uwanja wenye uzio, asipoteze muda kusoma zaidi: achukue mbwa.

Lakini bili yake ni nyingine. Tomi anakula zaidi ya nusu kilo ya dona kwa siku, mifupa ya buchani juu yake. Ana banda, ana mnyororo, ana kupe. Masika yakianza kupe wanapanda kutoka kwenye majani, na wakimletea homa anakataa chakula, fizi zinapauka. Bwana mifugo akishakuja na bodaboda na sindano zake, faida ya gunia la mchele imekwenda. Nimwogeshe basi kwa dawa. Hapo naomba mwenye wanyama wote wawili anisikilize vizuri: dawa ya kupe ya mbwa au ng'ombe yenye pamethrini au saipamethrini usimpake paka hata kidogo. Mwili wake haumudu kuivunja sumu hiyo. Anatetemeka, anapata degedege, anaweza kufa. Mbwa akiogeshwa, paka hakai naye mpaka manyoya yakauke. Na vidonge vya parasetamo, ambavyo watu humpa paka wakiona amechoka, ni sumu kwake pia.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ni kila mwaka, na kadi yake naiweka pamoja na leseni ya biashara. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya watu wanaougua kichaa, hadi asilimia 99 wameambukizwa na mbwa, na dalili zikishaanza kupona karibu hakuna. Mtu akiumwa na mbwa, kidonda kioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Paka naye achanjwe, kwa sababu anaweza kuumwa na mbwa mwenye kichaa huko anakozurura. Mtaani kwetu ukifika na paka kwenye kikapu siku ya chanjo watu wanacheka. Wacha wacheke.

Hayo ni matumizi, na matumizi mtu unayapanga. Jambo lisilopangika ni majirani. Mzee wa nyumba ya pili anapita kwangu kila alfajiri kwenda msikitini. Siku moja Tomi alikuwa hajafungwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mlinzi wako hodari, sikatai. Lakini pua yake imegusa kanzu, na pua ya mbwa mbichi."

Nikamwomba radhi, akarudi kubadilisha. Kwa Waislamu wengi wa kwetu, walio madhehebu ya Shafi, palipoguswa na umajimaji wa mbwa huoshwa mara saba, mara moja ikiwa kwa udongo. Mtu kafika karibu na msikiti, unamrudisha nyumbani kutafuta udongo! Paka wangu, kwa upande mwingine, anashinda barazani kwa mzee huyohuyo, anapewa mapande ya kibua. Mtume alisema paka si najisi, ni miongoni mwa wanaotuzunguka majumbani, na mzee alinieleza hayo huku anamtoa paka miba mdomoni.

Kuna watoto pia. Mtoto aliyetumwa robo ya sukari akimwona mbwa, hata amefungwa, anapitiliza hadi duka la mbele, na kesho yake mama yake naye anamfuata huko. Sijawahi kupoteza mteja kwa sababu ya paka. Na si kwamba paka ni mwema. Ameshaiba samaki jikoni kwa watu, hilo nalijua kwa magamba ninayoyakuta nyuma ya mizani. Ila paka akiiba, mtaa mzima unasema "paka". Mbwa akibweka tu, linatajwa jina langu.

Ndiyo maana nikibanwa nichague mmoja, nabaki na paka. Mpangaji wa chumba na sebule, au mwenye duka lililobanana na nyumba za watu kama langu, mbwa anamfuga na mtaa mzima, wapende wasipende. Paka unamfuga peke yako, tena yeye mwenyewe hana uhakika kama amefugwa.

Nyota: paka nne kati ya tano, moja nimeikata kwa ajili ya maharage ya njano. Mbwa tatu, na angepata tano kama ningekuwa na shamba Mvomero badala ya duka Kihonda.

Na kwa waliokwisha kuuliza: ndiyo, paka amezaa, watoto wako chini ya rafu ya unga. Watatolewa wakifikisha miezi miwili, wakishaacha kunyonya. Sitaki hela. Njoo na kikapu chenye mfuniko, na uniambie kwanza utawalisha nini. Ukijibu ugali, rudi na kikapu chako.