Kubana kodi ya majengo kwa kura: California au Massachusetts?

Mjadala wa kubana kodi ya majengo Marekani huishia kwenye mifano miwili: Proposition 13 ya California (1978) na Proposition 2½ ya Massachusetts (1980). Zote ni sheria zilizopitishwa kwa kura ya wananchi.

Kwa anayetaka kujua mapema atalipa kiasi gani, California inashinda waziwazi. Kodi ya msingi ni 1% ya thamani iliyokadiriwa, na makadirio hayapandi zaidi ya 2% kwa mwaka hadi nyumba iuzwe. Mzee anayeishi kwa pensheni hasukumwi nje na bei ya soko. Massachusetts haimlindi mtu mmoja mmoja. Inabana jumla ya makusanyo ya mji, yasiongezeke zaidi ya 2.5% kwa mwaka, ukiacha majengo mapya. Bili yako yaweza kuruka zaidi ya hapo.

Kwenye usawa mambo yanageuka. California, majirani wenye nyumba pacha hulipa kodi zilizopishana mno kwa kuwa mmoja alinunua 1985 na mwenzake juzi. Hili linaniuma, maana mzigo huwaangukia vijana. Massachusetts, makadirio hufuata soko kwa wote.

Shule zikikosa fedha, wapiga kura wa mji wa Massachusetts wanaweza kuvuka kikomo kwa wingi wa kawaida, yaani zaidi ya nusu ya kura. California, kodi maalumu inayopendekezwa na halmashauri huhitaji theluthi mbili ya kura.

Umeshanunua na huhami? Mfumo wa California utakufaa. Unanunua sasa, una watoto shuleni? Ningeangalia Massachusetts.