Tochi ya LED kwa fundi umeme: nimehamia 5000K na sababu zake

Fundi umeme anafanya kazi gizani kuliko wateja wanavyodhani. Ukishazima meinswichi nyumba nzima imekuwa giza, na mwanga ulio nao ni ule uliokuja nao. Kwa hiyo rangi ya mwanga wa tochi, ile inayopimwa kwa Kelvini (K), kwangu mimi ni sehemu ya usalama wa kazi.

Nafanya wairingi za majumbani Tanga, na nyumba nyingi za Ngamiani ni za zamani. Unafungua soketi unakuta vizazi viwili vya waya ndani ya boksi moja: nyekundu na nyeusi za mfumo wa kale tuliourithi kwa Waingereza, halafu chumba kilichoongezwa juzijuzi kimevutwa kwa kahawia na bluu. Penye fezi tatu, yaani waya tatu zinazoleta umeme, mambo ni mazito zaidi. Katika mfumo wa zamani bluu ni fezi na nyeusi ndiyo nyutro, waya wa kurudisha umeme. Katika mfumo mpya bluu ndiyo nyutro, na nyeusi ni mojawapo ya fezi. Waya zenyewe zimekaa darini miaka na miaka chini ya bati la moto, zimefifia, zimeshika vumbi. Testa ndiyo yenye neno la mwisho siku zote, lakini kabla hujaigusa testa, macho yameshakwambia uanzie wapi.

Tochi niliyokuwa naitumia ilikuwa ya 6500K, ule mweupe unaoelekea bluu, ambao ndio umejaa madukani. Inamulika kwelikweli. Ila chini ya mwanga wake nyekundu iliyochakaa na kahawia zinakaribiana mno, na ule ukahawia mwepesi unaojitokeza kwenye plastiki ya soketi pale skrubu ilipolegea na kuanza kupata moto, hauonekani mpaka plastiki iwe imeshakuwa nyeusi. Hilo la pili ndilo lililonifanya nitafute tochi nyingine, kwa sababu dalili hiyo ukiiwahi umeokoa nyumba.

Niliagiza Wurkkos FC11 yenye LED ya Samsung LH351D, 5000K, CRI 90 (kipimo cha uaminifu wa rangi, nitakieleza chini). Inatumia betri moja ya kuchaji ya saizi ya 18650, inachajiwa kwa Type-C, na ina sumaku kitakoni. Tofauti niliiona kwenye boksi la kwanza nililofungua: nyekundu ni nyekundu, kahawia ni kahawia, shaba safi inang'aa tofauti na shaba iliyoanza kula kutu ya kijani.

Sababu iko kwenye namna LED inavyotengenezwa. Chipu yenyewe inatoa bluu, si nyeupe. Juu yake hupakwa poda ya fosfa, ambayo hunywa sehemu ya ile bluu na kuitoa tena ikiwa njano na nyekundu. Poda ikiwa chache, bluu nyingi inapita na unapata 6500K. Ikiongezwa, hasa ile ya kuleta wekundu, mwanga unashuka kwenye 5000K au 4000K, na lumeni, yaani wingi wa mwanga, nazo zinapungua, kwa kuwa nguvu fulani hupotea katika kubadilisha rangi na jicho letu halioni nyekundu vizuri kama linavyoona kijani. Waya nyekundu haiwezi kurudisha wekundu ambao tochi haikuutoa.

Hapa wanunuzi wengi wanachanganya mambo mawili. Kelvini inakwambia mwanga umeelekea bluu au njano, basi. Uaminifu wa rangi unapimwa kwa CRI, na mwisho wake ni 100. Kuna tochi za 5000K zenye CRI 70 ambazo kwa kazi yangu hazinisaidii chochote. Tena hiyo CRI yenyewe ni wastani wa rangi nane zisizokolea; nyekundu iliyokolea hupimwa peke yake, huitwa R9, na haimo kwenye ule wastani. Tochi inaweza kujisifu CRI 80 huku R9 yake iko karibu na sifuri. Muuzaji akiitaja R9, msikilize vizuri.

Kwa nini si 4000K, ambayo wengi wanaisifia kuwa inapumzisha macho? Nimeijaribu ya rafiki. Kwa kutembea usiku au kukaa nayo barazani ni nzuri sana, naipenda. Lakini bluu yake ni chache, na waya ya bluu yenye vumbi inaanza kufanana na nyeusi, jambo ambalo sitaki kabisa. 5000K iko karibu na jua la mchana: nikipeleka kipande cha waya dirishani rangi inabaki ileile niliyoiona darini.

Lumeni zilizopungua sizioni. Ndani ya boksi la soketi unafanya kazi sentimita thelathini kutoka usoni, na mwanga mkali unarudi kwenye plastiki nyeupe ukakupofusha. Mara nyingi naiwasha kwenye ngazi za chini za mwanga. 6500K nimeibakisha kwa kumulika mbali tu, kama kutazama kutoka chini iwapo waya wa kuingia nyumbani umelegea kwenye kikombe kinachoushikilia. Hapo natafuta umbo, rangi haina kazi.

Sumaku ni raha, inashika kwenye mlango wa DB (boksi la kugawia umeme wa nyumba) na mikono yote miwili inakuwa huru. Lakini mwili wa tochi hizi ni alumini, unapitisha umeme. Usiibandike ndani ya DB yenye laivu, wala usiiweke mahali ikidondoka itaangukia kwenye terminali.

Ukienda kununua, usitazame ukutani. Karibu kila tochi ni nyeupe ukutani, na macho yanazoea haraka. Beba vipande vitatu vya waya chakavu, nyekundu, kahawia na bluu, uvimulike pamoja kwa tochi mbili zilizowashwa ubavu kwa ubavu. Kisha mulika kiganja chako. Kwenye tochi mbaya kiganja kinapauka kama kimepakwa majivu. Kwenye nzuri unaiona damu chini ya ngozi. Kama duka halikuruhusu kuwasha mbili kwa pamoja, nenda duka la pili.